Mtoto Asikwame Kusoma: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Walimu wa Watoto Wadogo

Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili ana bahati moja: herufi zetu hazidanganyi. Silabi "ka" inasomwa "ka", iwe mwanzoni mwa kalamu au mwishoni mwa paka. Philip Seymour na wenzake walipolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watoto wa Finland, ambao maandishi yao yamenyooka kama yetu, walisoma maneno kwa usahihi wa asilimia 98 hivi walipomaliza mwaka wa kwanza wa shule. Wale wa Scotland, waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza, walikuwa kwenye asilimia 34.

Lakini bahati hiyo inaficha jambo. Kwa kuwa maandishi yamenyooka, mtoto mwenye shida hagunduliki kwa makosa. Anasoma sawasawa, ila polepole mno: "M... to... to... a... na... che... za." Mwalimu anasikia kila silabi imetoka sahihi, anaridhika, anamwita mwingine. Heinz Wimmer wa Austria aliliona jambo hili kwa watoto wanaosoma Kijerumani, akaandika mwaka 1993 kwamba alama kubwa ya mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma, katika lugha za aina hii ni mwendo, si makosa. Kwetu mtoto wa namna hiyo huweza kupita darasa la kwanza na la pili bila mtu kushtuka. Akifika la nne, vitabu vinapokuwa vya historia na sayansi, anazama.

Hapo ndipo husikika ile kauli ya kila mwaka: "Mwache, atashika tu mbele ya safari." Connie Juel aliwafuata watoto 54 wa shule moja huko Austin, Texas, tangu darasa la kwanza hadi la nne. Matokeo yake ya mwaka 1988 yalionyesha kwamba mtoto aliyekuwa msomaji dhaifu mwishoni mwa darasa la kwanza alikuwa na uwezekano wa 88 kati ya 100 wa kubaki dhaifu mwishoni mwa darasa la nne. Wengi wao hawakushika mbele ya safari. Kwa hiyo kila kitu katika mwongozo huu kinakwenda upande mmoja: anza mapema, pima mapema, saidia mapema, na usisubiri mtoto afeli ndipo uamke.

Mitego mitatu

Mwaka 1998 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kubwa kuhusu kuzuia matatizo ya kusoma kwa watoto wadogo, chini ya uongozi wa Catherine Snow wa Chuo Kikuu cha Harvard. Ilitaja mambo matatu yanayowakwamisha watoto. La kwanza ni kutoelewa kwamba herufi zinasimama badala ya sauti, na kushindwa kuzitumia sauti hizo kwa wepesi. La pili ni kusoma maneno bila kupata maana. La tatu ni kukosa au kupoteza hamu ya kusoma.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mtego wa kwanza ndio wenye kazi nyingi, na huanzia mahali ambapo wengi hatupaangalii. Huanzia sikioni.

Hatua ya kwanza: sikio kabla ya jicho (miaka 3 hadi 5)

Kabla mtoto hajaelewa kwamba herufi M inasimama badala ya sauti, sharti ajue kwamba maneno yana sauti ndani yake. Kwa mtoto wa miaka minne "kitabu" ni kitu chenye picha. Kwamba neno hilo lina vipande vitatu, na kila kipande kinaweza kutolewa au kubadilishwa, si jambo analozaliwa nalo.

Hapa sisi tuna hazina nyumbani. Watoto wa pwani wamekuwa wakicheza kinyume tangu zamani: chukua silabi ya mwisho, iweke mwanzo. Paka inakuwa kapa, nyumba inakuwa mbanyu, kitabu inakuwa bukita. Wanaucheza ili wakubwa wasielewe wanachopanga. Mtafiti wa lugha akiutazama mchezo huo ataona zoezi la kukata na kuhamisha silabi ambalo wenzetu kwingine huliandikia vitabu vya mazoezi. Kama wanao hawaujui, wafundishe. Kama wanaujua, usiwakataze mezani.

Mpangilio wa michezo ya sauti, kutoka mwepesi hadi mgumu, uwe hivi.

Anza na kupiga makofi kwa kila silabi ya majina ya watu wa nyumbani: A-ma-ni, Za-i-na-bu, Ju-ma. Nani ana jina refu zaidi? Kisha tafuteni vitu vinavyoanza na sauti moja: "Naona kitu jikoni kinaanza na sss." Sufuria, sukari, sahani, sabuni. Vuta ile sauti ya mwanzo ili isikike. Baada ya hapo, ondoa kipande: "Sema kitabu. Sasa sema bila ki." Mtoto akigundua kwamba kilichobaki ni "tabu" atacheka, na ataomba lingine. Mwisho kabisa, badilisha sauti moja moja: baba, toa b weka d, inakuwa dada, weka k, inakuwa kaka. Zoezi hili la mwisho ni gumu kwa wasioanza herufi, na si kosa likisubiri hadi waanze, kwa sababu kutambua sauti moja moja na kujua herufi huvutana: kimoja kinamkuza mwenzake.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Fanya njiani kwenda dukani, mkioga, mkichambua mchele. Mtoto wa miaka minne akikalishwa darasani saa nzima kuimba silabi anajifunza kuchoka.

Vitendawili na hadithi za jioni viendelee, kwa lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani. Paukwa, pakawa ina kazi yake, na tutairudia tukifika kwenye maana.

Katika umri huu huu, mwonyeshe kwamba maandishi yanasema kitu. Soma kwa sauti jina la kanga ya bibi huku kidole kikipita chini ya maneno. Soma pakiti ya unga, kibao cha daladala, jina lake kwenye daftari la kliniki. Ajue kwamba tunatoka kushoto kwenda kulia. Kama anakwenda chuoni kusoma Kurani, atakuwa akijifunza pia maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto, na mtoto hachanganyikiwi kwa hilo akielezwa. Kwa kweli chuo kinamsaidia: ameshazoea kwamba herufi moja hubeba alama za fat-ha, kasra na dhumma ikawa ba, bi, bu. Mwambie kwamba irabu za Kiswahili ni ndugu wa hizo, ila zinakaa mstarini badala ya juu na chini.

Hatua ya pili: herufi, na ule wimbo wa ba be bi bo bu

Wengi wetu tulisoma kwa wimbo. A e i o u, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Siukatai. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na jedwali la silabi linaendana vizuri na umbo la lugha. Tatizo ni kwamba wimbo huweza kuimbwa na mtoto ambaye hajui hata herufi moja. Anaangalia ubao, mdomo unakwenda, macho yako dirishani.

Kipimo chake ni rahisi. Andika silabi za mstari mmoja kwa kuzichanganya, bo, bi, ba, bu, be, kisha onyesha "bu" kwanza. Mtoto anayejua atasoma. Aliyekariri ataanza kuimba kimoyomoyo kutoka "ba" hadi afike. Ukiona midomo inacheza kabla ya jibu, rudi nyuma.

Fundisha sauti ya herufi, usianze na jina lake. Mtoto aliyeambiwa kwamba B ni "be" na A ni "a" akikutana na "baba" atasoma "be-a-be-a", na hapo yeye hajakosea, ametumia alichopewa. M isemwe "mmm", S isemwe "sss". B na T haziwezi kuvutwa. Zitamke fupi, bila kuongeza irabu nzito nyuma.

Anza na herufi ndogo. Wazazi hupenda herufi kubwa kwa sababu ndizo walizoandikia majina, lakini ukurasa wa kitabu umejaa herufi ndogo.

Mpangilio una maana kuliko tunavyodhani. Ukifuata a, b, ch, d, utachukua wiki nyingi kabla mtoto hajasoma kitu cha maana. Napendelea kuanza na saba hizi: a, i, u, m, k, t, l. Kwa hizo tu mtoto anaweza kusoma mama, kaka, kuku, taa, kiti, tatu, lala, kula, kalamu. Anaweza kusoma sentensi kamili: "Kaka atakula kuku." Anayesoma sentensi katika mwezi wa kwanza anajua kazi hii inaelekea wapi. Kisha ongeza n, o, e, s, b, p, na kuendelea. Zinazofanana usizifundishe pamoja: b na d zitenganishwe kwa wiki kadhaa, m na n vilevile.

Vifaa havihitaji fedha. Vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi kwa maka pen, vipande vya manila au boksi, mchanga wa uani wa kuandikia kwa kidole. Kila siku mtoto afanye mambo matatu: aitambue herufi mpya kati ya za zamani, aiunganishe na irabu kutengeneza silabi, na aandike neno moja au mawili kwa kusikia. Hilo la mwisho, imla ndogo ya maneno mawili, hurukwa na wengi, ilhali ndilo linalomlazimisha mtoto kulikata neno kwa sikio lake mwenyewe.

Hatua ya tatu: sehemu ambazo Kiswahili kinateleza

Nimesema maandishi yetu yamenyooka, na ni kweli, lakini kuna kona. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wanaoandika Kiswahili, walionyesha mwaka 2003 kwamba kujifunza kuiandika lugha hii si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Kona ni hizi, na kila moja inataka siku zake.

Kwanza, herufi zinazoshirikiana kutoa sauti moja: ch, sh, th, dh, gh, ny. Ziandike kwenye kadi moja, kwa rangi moja, zisionekane kama herufi mbili. Mtoto asiseme "s-h-a", aseme "sha" moja kwa moja.

Pili, ng na ng'. Ngoma na ng'ombe. Hapa kitone kile juu ndicho kinachobeba tofauti yote, na watoto huona ni uchafu wa karatasi. Weka maneno mawili mawili: ngazi, ng'aa, ngano, ng'oa. Wasikie kwanza, wasome baadaye.

Tatu, m inayosimama peke yake kama silabi. M-tu, m-ti, m-ka-te, m-la-ngo. Watoto huandika "mutu" na "mukate" kwa sababu wamefundishwa kwamba kila silabi ina irabu. Waambie wazi: m wakati mwingine haitaki mwenzake. Piga kofi lake. Kisha wakutanishe na mbuzi na shamba, ambapo m imeungana na b na haipigiwi kofi lake. Somo hili huchukua muda, na ni sawa.

Nne, mw, kw, bw, tw na jamaa zake: mwalimu, kwetu, bwana.

Tano, na hili ndilo linalowaangusha waliokwisha kushika silabi: maneno yetu ni marefu. "Hawakutusomea" ni neno moja. Mtoto anayesoma silabi moja moja akifika mwishoni amesahau mwanzo. Dawa yake ni kumwonyesha vipande vyenye maana. Tengeneza kadi: WA, TU, NI upande wa kushoto, NA, LI, TA katikati, CHEZA, SOMA, LALA kulia. Badilisha kadi ya katikati pekee: wanacheza, walicheza, watacheza. Kisha ya kushoto. Baadaye ongeza HA na KU. Akizoea kuona "wali" na "tuta" kama vipande vizima, mwendo wake unapanda kwa namna inayoshangaza.

Kuhusu lafudhi: mtoto ambaye lugha ya nyumbani haitenganishi l na r akisoma "kura" akatamka "kula" huenda ameisoma vizuri na kuitamka kwa mdomo wa kwao. Vivyo hivyo anayesema "abari" kwa "habari" au "zambi" kwa "dhambi". Usihesabu hayo kuwa makosa ya kusoma. Kwenye imla ndipo utamfundisha tofauti, kwa jozi kama kula na kura, mahali na mahari.

Hatua ya nne: pima mwendo kwa dakika moja

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko mitihani yote ya muhula, na kinafanyika kwa simu ya mkononi yenye saa.

Chukua kifungu ambacho mtoto hajawahi kukiona. Mweleze kwamba atasoma kwa sauti hadi useme basi. Akikwama kwenye neno kwa sekunde tatu, mwambie aendelee na linalofuata. Wewe piga mstari kwenye nakala yako chini ya kila neno alilokosea au kuruka. Dakika ikiisha, hesabu maneno aliyofikia, toa makosa. Kisha uliza maswali.

Unaweza kutumia hiki:

Juma ana kuku mmoja. Kuku huyo ni mweupe. Kila asubuhi Juma humpa kuku mahindi. Jana kuku hakuonekana bandani. Juma alimtafuta jikoni na shambani. Hakumwona. Mwishowe alisikia sauti chini ya kitanda. Kuku alikuwa amelalia mayai sita. Juma alicheka, akamwita bibi. Bibi alisema, "Usimguse kuku. Mwache aatamie mayai yake."

Kina maneno 47. Maswali: Kuku alikuwa na rangi gani? Alikuwa wapi? Kwa nini bibi alisema asiguswe? La tatu jibu lake halijaandikwa moja kwa moja, na ndilo linaloonyesha kama mtoto anafikiri anaposoma.

Nchini Kenya, programu ya Tusome iliyoanza kote nchini mwaka 2015 ilitumia maneno 45 sahihi kwa dakika kama kiwango cha msomaji mwepesi wa Kiswahili katika madarasa ya mwanzo, na 65 kwa Kiingereza. Asifikiri mtu kwamba Kiswahili kilidharauliwa: neno letu moja mara nyingi hubeba kazi ya maneno matatu au manne ya Kiingereza.

Namna ninavyoisoma hesabu ya mtoto anayekaribia kumaliza darasa la pili ni hii. Chini ya maneno 10, tatizo liko kwenye herufi na silabi. Usimpe vifungu, rudi hatua ya pili. Kati ya 10 na 30, anajua silabi lakini anaunganisha kwa shida. Kazi yake ni hatua ya tatu, pamoja na kurudia. Zaidi ya hapo anahitaji vitabu vingi vyepesi kuliko mazoezi. Kama anasoma haraka na hajibu hata swali moja, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya tano.

Kupandisha mwendo kuna njia iliyothibitika: kusoma kifungu kilekile mara kadhaa. Siku ya kwanza wewe unasoma, yeye anafuata kwa kidole. Mara ya pili mnasoma pamoja kwa sauti. Kisha anasoma peke yake, siku tatu mfululizo, na unaandika hesabu yake kila siku. Mtoto aliyeanza na 14 akaona 22 kisha 29 hahitaji pipi. Wenye wasiwasi husema "atakikariri". Akikariri baada ya kukisoma mara nne kwa macho, sioni hasara.

Hatua ya tano: maana

Philip Gough na William Tunmer walipendekeza mwaka 1986 kwamba kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: kutambua maneno na kuelewa lugha. Kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Hili linatuhusu sana. Mtoto wa Kimasai au Kisukuma anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani anaweza kushika silabi ndani ya miezi na kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri asielewe lolote. Huyo hana ugonjwa wa kusoma. Anahitaji Kiswahili cha kuzungumza: michezo, picha, kutumwa, kusimuliwa. Kabla ya kila kifungu mfundishe kwa vitendo maneno matano atakayokutana nayo. Na mwalimu anayeijua lugha ya mtoto asione aibu kuitumia kueleza. Wazazi nao wasiache kuzungumza lugha yao nyumbani kwa kudhani wanamsaidia. Mtoto aliyezoea hadithi ndefu kwa Kisukuma anajua hadithi inavyokwenda, na ujuzi huo anahama nao.

Namna ya kusoma na mtoto ina uzito kuliko wingi wa vitabu. Grover Whitehurst na wenzake walionyesha mwaka 1988, huko Marekani, kwamba wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi wakati wa kusoma vitabu vya picha waliwainua watoto wao katika lugha, ndani ya mwezi mmoja tu, kuliko wazazi waliosoma kwa mtindo wa kawaida. Kwa hiyo badala ya "Hiki ni nini?" uliza "Hapa kunatokea nini?" Mtoto akijibu "Analia," ongeza kidogo: "Ndiyo, analia kwa sababu ameangusha maziwa. Wewe ungefanyaje?" Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya haya yote kwa picha peke yake. Hadithi za bure za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika zinapatikana kwenye tovuti ya African Storybook, na zinaweza kuchapishwa au kusomwa kwenye simu.

Kuhusu shule za mchepuo wa Kiingereza, nitasema wazi. Mtoto anayezungumza Kiswahili ni vyema ajifunze kusoma kwa Kiswahili kwanza, hata kama ni nyumbani jioni. Ataelewa mapema kwamba herufi zina sauti, kwa lugha anayoijua na maandishi yasiyomhangaisha, kisha ataingia kwenye Kiingereza akiwa tayari ni msomaji. Kama shule imeshaanza na Kiingereza, tenganisha nyakati na kadi, kwa sababu "a" na "i" za pande hizo mbili hazisomwi sawa.

Kabla ya kusema "kichwa kizito"

Angalia masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara amekosa sauti nyingi katika miaka ile aliyopaswa kuzizoea. Simama nyuma yake, umnong'oneze maneno, aonyeshe vitu. Angalia macho: anakunja uso akitazama ubao, anakaribisha daftari puani? Ulizia vipimo vyote viwili hospitali ya wilaya.

Afya isiachwe, ila isigeuzwe kisingizio. Mradi wa HALI katika pwani ya kusini ya Kenya, uliohusisha shule 101, ulijaribu vitu viwili: kupima na kutibu malaria shuleni, na kuwasaidia walimu wa madarasa ya chini kwa mafunzo na ujumbe wa simu wenye vidokezo vya masomo. Upimaji wa malaria haukuinua usomaji. Msaada kwa walimu uliinua, na idadi ya walioacha shule ikapungua.

Uliza habari za ukoo. Utafiti wa Jyväskylä nchini Finland, ulioanza mwaka 1993 na kuwafuata tangu kuzaliwa watoto ambao baadhi yao wazazi walikuwa na disleksia, ulionyesha kwamba hali hii hutembea katika familia, na kwamba dalili huonekana kabla ya shule: mtoto wa miaka mitano asiyeshika herufi ingawa amefundishwa, asiyesikia silabi, anayesita kutaja haraka majina ya vitu au rangi anazozijua. Baba akisema "hata mimi nilihangaika hivyo", hilo si aibu, ni taarifa muhimu kuliko ripoti ya muhula.

Herufi zilizogeuzwa, b kwa d au s iliyoangalia nyuma, ni kawaida kwa mtoto wa miaka mitano au sita. Kutumia mkono wa kushoto si dalili ya tatizo la kusoma. Fimbo, hilo nalo, haijawahi kumfundisha mtu sauti ya herufi; inamfundisha kujificha nyuma ya mwenzake zamu ya kusoma ikifika, na huo ndio mtego wa tatu wa ile ripoti ya 1998.

Hatua ya sita: msaada wa ziada usiosubiri

Ukipima katikati ya darasa la kwanza na kuona watoto wachache hawajui herufi ambazo wenzao wanazijua, usingoje mwisho wa mwaka. Watoe watatu au wanne kwa dakika 25, siku nne kwa wiki. Waweke pamoja kwa kiwango, bila kujali umri wala darasa. Mtiririko wa kila kipindi usibadilike: dakika chache za sauti kwa sikio, herufi za zamani na moja mpya, kujenga maneno kwa vifuniko, kusoma sentensi zilizotengenezwa kwa herufi walizokwisha kuzijua, imla ya maneno matatu. Funga kwa hadithi unayoisoma wewe, wao wasikilize tu. Hiyo isikatwe hata muda ukibana.

Watahitaji marudio mengi kuliko wenzao. Mtoto mmoja hushika herufi baada ya kuiona mara chache, mwingine huhitaji kuiona mara mia, na huyo wa pili hana kosa lolote.

Pima kila baada ya wiki mbili kwa herufi au kwa dakika moja ya kusoma. Mstari ukipanda, endelea. Baada ya muhula mzima wa msaada wa namna hii, mstari ukiwa umelala, ni wakati wa kumpeleka mtoto kwa wataalamu. Tanzania, mwalimu mkuu awasiliane na afisa elimu maalumu wa halmashauri; walimu wengi wa fani hiyo wamesomea chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha. Kenya kuna vituo vya EARC vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu katika kaunti, na taasisi ya elimu maalumu, KISE, jijini Nairobi.

Usiende mikono mitupu. Beba daftari lenye tarehe na hesabu za kila kipimo, kurasa mbili tatu za imla yake bila kusahihishwa, majibu ya vipimo vya macho na masikio, lugha anazozungumza nyumbani, ndugu waliopata shida kama yake, na orodha ya herufi na silabi ambazo bado hazijui. Mtaalamu mwenye taarifa hizo huanza kazi siku ileile.